Sahani ya Mzee Maranda

Mimi nilikwenda kutafuta kifimbo cha kusukumia chapati, basi. Si rafiki, si ufundi, si jambo lolote la kuandikwa.

Vifimbo vya madukani hapa Uingereza ni magogo. Vinene, vizito, vina mishikio miwili inayozunguka peke yake, vimetengenezwa kwa ajili ya watu wa pai. Chapati haitaki hivyo. Kifimbo cha bibi yangu kule Tanga kilikuwa chembamba, kimevimba kidogo katikati, kinapungua taratibu kuelekea ncha zote mbili, ili ukiegemea upande mmoja chapati izunguke yenyewe chini ya mkono bila kuinuliwa. Anayesukuma chapati ananielewa. Asiyesukuma aulize kwao.

Naishi Buckinghamshire, karibu na High Wycombe, mji uliojulikana kwa viti tangu karne ya 18. Hata timu yao ya mpira, Wycombe Wanderers, mashabiki huiita Chairboys, yaani vijana wa viti. Jumamosi moja mwaka 2017 nilipita mbele ya ukumbi wa kijiji, nikaona tangazo mlangoni: klabu ya wakerezaji, siku ya wazi, kiingilio bure, chai ipo. Nikasema hapa sikosi mtu wa kuniuzia.

Ndani kulikuwa na wazee kama ishirini, mashine tano za kukereza, zile zinazozungusha mti ili patasi iuchonge, na meza ndefu ya mabakuli, vinara vya mishumaa na kalamu za mbao. Mzee mmoja alikuwa anawakerezea watoto pia za kuchezea, moja baada ya nyingine, na kila mtoto anaondoka na yake bila kulipa. Maranda yalikuwa yamemkaa begani, kwenye masikio, mpaka kwenye nyusi. Moyoni nikampa jina la Mzee Maranda, na humu nitamwita hivyo hivyo.

Nikamweleza shida yangu. Nikamchorea kwenye karatasi ya kufutia mikono. Akaniuliza katikati kinenepe kiasi gani, nikamwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada. Nikauliza bei. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akasema hauzi.

"Njoo Jumanne, saa moja jioni. Utakitengeneza mwenyewe."

Nilichukia. Waingereza wana namna yao ya kukukatalia huku wanatabasamu, na mimi kwa miaka kumi na moja niliyokuwa nimekaa huku nilijiona nazijua zote. Nikasema hii ni mpya tu.

Kukereza nilikufahamu tangu utotoni, ila kwa mbali. Babu mzaa mama alikuwa na kerezo uani, lile la uta. Mti unabanwa kati ya ncha mbili za chuma, kamba ya uta imeuzunguka, mkono mmoja unavuta na kusukuma, mwingine umeshika patasi, na kidole gumba cha mguu ndicho kinachoielekeza. Mti unakuja, unarudi. Unakata ukija kwako, ukirudi unaondoa makali. Alikereza matendegu ya vitanda, mipini, vifimbo vya chapati pia, na hicho cha bibi kilitoka kwake. Sisi wajukuu wa kike kazi yetu ilikuwa kuzoa maranda ya kuwashia jiko. Nikizubaa kutazama aliniambia, "Nenda kamsaidie bibi yako." Na wa kiume nao hakuwafundisha wote. Alimfundisha mmoja, tena nusu. Nusu iliyobaki babu aliondoka nayo mwaka 1993.

Kwa hiyo mtu mwenye ufundi wake kuniambia njoo nikufundishe, mwanamke, mgeni, bila kuniuliza hata ninatoka wapi, halikuniingia akilini. Nilikwenda Jumanne ile nusu kwa ubishi.

Nilikuwa nimejitanda mtandio. Mzee Maranda akanikaribisha, akaangalia mashine, akaangalia dari, akakohoa. Nikamwona anahangaika kutafuta maneno. Nikamwokoa: "Nguo inaweza kunaswa, siyo?" Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Nikauzungusha kilemba, nikazichomeka ncha zote ndani ya sweta, tukaanza.

Alinipa kipande cha mti wa beech, miti ile ile iliyowalisha mafundi wa viti wa misitu ya huko. Akaniambia jambo moja, akalirudia mpaka nikachoka: mgongo wa patasi uguse mbao kwanza, makali yafuate. Gusa, ndipo ukate. Ukianza na makali, mbao itaidaka patasi na kuirusha, na wewe utajuta. Akasimama nyuma yangu, mikono yake mfukoni. Hilo nililiona baadaye kuwa ndiyo heshima yenyewe, ile mikono mfukoni. Babu angeninyang'anya patasi mara kumi.

Kifimbo changu cha kwanza kilitoka kama mguu wa kuku. Cha pili kilikuwa kimepinda. Cha tatu, wiki ya nne, nilikipeleka nyumbani nikasukumia chapati, na chapati ikazunguka. Nilicheka peke yangu jikoni usiku, na unga puani.

Wakati huo nilikuwa nimeshapewa sanduku. Lilikuwa na patasi saba: za mfereji, za kukwangulia, moja bapa yenye makali ya mshazari ambayo mpaka leo naiogopa. Kila mpini ulikuwa umechorwa herufi kwa ncha ya kisu, nyingine herufi mbili, mmoja herufi nne. Nikauliza ni za nani. Hazikuwa na mwenyewe. Anayeanza hupewa sanduku, akishanunua zake huongeza herufi yake kwenye mpini alioupenda zaidi, analirudisha, linamsubiri mwingine. Hakuna daftari, hakuna saini, hakuna aliyekwambia mwisho lini. Mmoja wa wale wanne alikuwa amehamia New Zealand na mwingine alikuwa ameshafariki, na patasi yao ilikuwa mkononi mwangu, nimeikamata vibaya.

Sasa, mtu wa pwani ukimpa kitu hawezi kulala. Kwetu jirani akikuletea sahani ya futari, ile sahani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utatia maembe mawili, utatia ndimu. Wiki iliyofuata nikapeleka mahamri. Yakaisha kabla ya chai kumiminwa, na Mzee Maranda akabaki na sahani yangu kwa sababu niliwahi kuondoka kwenda zamu ya usiku. Alipoirudisha nikamtania, nikamweleza desturi yetu: kwetu, mzee, hii ingekuwa aibu.

Nilikuwa natania. Yeye hakutaniwa.

Jumanne iliyofuata aliniletea zawadi kwenye sahani ya kwake: bonge la mti wa ash, limepakwa nta kwenye ncha lisipasuke. Miti ya ash ilikuwa inakatwa kila mahali, kuna ugonjwa wa kuvu unaoiua, ulioonekana Uingereza mwaka 2012, kwa hiyo wakerezaji walikuwa wanaokota mbao nzuri bure na kuhuzunika kwa wakati mmoja. Nikairudisha ile sahani na visheti. Yeye akaja na bakuli la cherry. Nikapeleka sambusa. Akaleta kinga ya uso aliyokuwa nayo ya ziada. Nikapika mkate wa kumimina, siku nzima, wa iliki, na sukari imepanda juu kama inavyotakiwa. Yeye akanipa ufunguo wa gereji yake, maana nakaa kwenye fleti na jirani wa chini hawezi kuvumilia hata mashine ya kufulia. Ufunguo aliuweka katikati ya sahani, peke yake, kama nyama ya mwisho. Humo gerejini kulikuwa na mashine, jiwe la kunolea, birika. "Zima taa ukitoka," akasema. Maelekezo yenyewe yalikuwa hayo tu.

Nilishindwa. Sikuwa na chakula kinacholingana na ufunguo. Nilimwambia hivyo, kwa Kiingereza changu cha kazini, kwamba nimeelemewa, sijui nitalipa nini. Akaniangalia kama nimemwuliza kodi ya nyumba. Akasema na yeye aliwahi kupewa gereji ya mtu mwingine aitumie, mwaka 1988, na yule mtu hakumlipa kitu kwa sababu alikataa kulipwa. Basi. Akaendelea kunoa.

Nisiwafanye malaika. Kulikuwa na mmoja pale, mrefu, wa fulana za mistari, ambaye kwa mwaka mzima hakunisalimu. Kiingereza hakina shikamoo, lakini kina "good evening", na hiyo pia alininyima. Nikikaa benchi lile, yeye anahamia lingine. Nilimjua, tunawajua. Sikuuliza, sikujipendekeza.

Jioni moja akanijia na mfuko wa plastiki, akauweka juu ya mashine yangu, akaondoka. Ndani kulikuwa na koti la kukerezea. Haya makoti yana ufundi wake: shingoni yanafungwa zipu mpaka juu ili maranda yasiingie, na mifuko iko nyuma, chini ya kiuno, kwa sababu mifuko ya mbele hujaa maranda. Ila mengi ya dukani yana mikono mifupi. Hili lilikuwa na mikono mirefu inayobana kwenye kifundo, na shingoni kumeshonewa ukosi mpana unaolaza mtandio chini ya zipu usitoke hata ncha. Mtu alikuwa amenitazama kwa makini sana, amepima kwa macho mabega yangu, urefu wa mkono, na jinsi ninavyojifunga. Mke wake ndiye aliyeshona. Lakini mke wake sikuwahi kumwona, wala yeye hakuwahi kuniona. Kwa hiyo vipimo alivipeleka nani?

Nilipomfuata kumshukuru alisema, "Ni yeye," akimaanisha mkewe, akawasha mashine. Mpaka leo hatujawahi kuongea dakika tano. Koti ninalo, nimelivaa mpaka kiwiko kimetoboka, nimelitia kiraka cha kanga.

Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye makao yao, wengi wao wamepoteza kumbukumbu. Siku moja mwaka 2018, wakati wa chai, nilikuwa nasimulia tu, bila kuomba. Nilisema nina bibi mmoja ambaye vidole vyake havitulii. Anachokonoa vifungo, anachambua uzi wa blanketi, amejichuna ngozi ya kidole mpaka damu. Tukimpa kitambaa anakifumua. Wakasema "dah", kwa namna yao, mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Baada ya wiki mbili nikakuta boksi la viatu kwenye meza, limeandikwa jina la makao yetu. Ndani mayai. Mayai ya mbao, thelathini na manne, kila moja la ukubwa wa kujaa kiganja, yamepigwa msasa mpaka ukiyashika unasahau ulichotaka kusema. Tufaha, cherry, jozi, ash, plamu. Kumi na mmoja kati ya wanachama walikuwa wamekereza, kila mtu gerejini kwake, na hakuna aliyeniambia.

Nikawa natafuta sauti ya kusema asante, na Mzee Maranda akanisogeza pembeni, akalivuta boksi, akaanza kuyachambua moja moja chini ya taa kama mama anachambua mchele. Akatoa matatu, ya rangi ya chungwa, mazuri kuliko yote. Mti wa yew, akasema. Yew ina sumu, na wazee wenu wataweka kitu mdomoni. Kisha akauliza kwa sauti, ukumbi mzima, nani amepaka mafuta gani. Wawili walikuwa wamepaka mafuta ya jozi. Akawarudishia mayai yao wakayasafishe na kuyapaka upya mafuta ya madini, kwa sababu anaweza kuwepo mtu asiyepatana na jozi. Wakayachukua bila kununa. Nimefanya kazi na mameneja wenye vyeti ukutani ambao wasingefikiria hayo.

Yule bibi yangu alichukua la plamu. Hakuliachia mchana kutwa, na kidole kikapona. Tulikuwa na wakazi 27, kila mmoja akapata lake, yaliyobaki tukagawana wafanyakazi. Mwaka 2020, tulipofungiwa kwa sababu ya korona na binti yake akawa anasimama nje ya dirisha kwa wiki nyingi, bibi alifariki mwezi wa Aprili. Binti hakuomba pete wala picha. Aliomba yai.

Katika miezi ile nilifikiria sana habari ya babu. Nilikuwa nimeanza kumhukumu: mbona wazee hawa wananipa kila kitu, na babu alinificha hata namna ya kushika patasi? Lakini babu alikula kwa lile kerezo. Kila aliyemfundisha alikuwa mshindani wa kesho, pale pale Ngamiani, Tanga, kwa wateja wale wale. Na hata hapa Uingereza kukereza hakukuwa starehe. Chama cha wakerezaji cha London kilipewa hati na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1604, na vyama vya namna hiyo vilikuwepo ili kulinda nani ana haki ya kufanya kazi na nani hana. Mtoto alifungwa miaka kama mwanafunzi kabla hajaitwa fundi. Siri ilikuwa mkate. Wazee wangu wa Jumanne wana pensheni. Walikuwa walimu, wahandisi, mmoja alikuwa dereva wa treni. Wanaweza kunipa siri kwa sababu haiwapunguzii chochote mezani. Nasema hivi si kuwapunguzia wao, ni kumrudishia babu chake. Mkarimu mwenye shibe tumshukuru, ila tusimpime naye mwenye njaa.

Mpingo ulikuja mwaka 2021, klabu ilipofunguliwa tena. Nilikuwa nimepeleka pilau. Sahani ikarudi imefunikwa gazeti, na nilipoipokea mkono uliporomoka kwa uzito. Kipande cheusi, sentimita tano kwa tano, urefu wa rula, na kilikuwa karibu kilo moja. Kwenye kona moja ulionekana mstari wa ule mti wa nje, wa njano kama siagi. Mpingo ni mzito kuliko maji, ukiutia unazama. Alikinunua zaidi ya miaka thelathini nyuma kwenye mabaki ya watu wanaotengeneza klarineti na zumari za Kizungu, siku hizo ulipatikana. Leo kuvusha mpingo mpakani ni vibali, tangu jamii yake iingizwe mwaka 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

"Huu unatoka kwenu," akasema. "Mimi nimekuwa nauogopa."

Niseme ukweli, na mimi nilikuwa sijawahi kuugusa ukiwa mti. Mpingo nilioujua ni wa vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, umeshang'arishwa kwa kiwi, unamsubiri mtalii. Nimezaliwa Tanzania, nikaja kushika mpingo Buckinghamshire.

Yeye ndiye aliyenisimulia habari ya Sebastian Chuwa, na mimi nikaona haya kwamba sikuijua. Chuwa alikuwa mtaalamu wa mimea wa Moshi, alikuwa anaotesha miche ya mpingo na watoto wa shule kuzunguka Kilimanjaro. Filamu moja ilimwonyesha, na mkereza mmoja wa Texas, James Harris, akaiona. Huyu Harris alikuwa anakereza mpingo kwa miaka, mti ukitoka kwa watu asiowajua. Akamwandikia. Mwaka 1996 wakaanzisha pamoja mradi wa kuhifadhi mpingo, African Blackwood Conservation Project, na wakerezaji wa Marekani na kwingineko wakawa wanachangia miche ipandwe. Mpingo unakua pole pole mno. Anayeupanda hautumii, pengine na mwanawe hautumii. Chuwa alifariki mwaka 2014. Miti ipo. Nilimsikiliza Mzee Maranda nikasema moyoni, kumbe na yule wa Texas alikuwa anarudisha sahani.

Nilikaa na kile kipande miezi mitano bila kukikata. Kisha nikaamua nikereze kikopo cha wanja, chenye kifuniko kinachoingia kwa kubana, kama alivyokuwa nacho bibi. Nikakikata kipande katikati, nusu nikaiweka kando. Nje kulikwenda vizuri ajabu. Mpingo haukatiki kama mbao nyingine, unatoa uzi mwembamba mweusi kama nywele, na vumbi lake linawasha shingoni. Nikafika ndani. Nikaweka keekee kwenye mashine, nikatoboa, nikaona inakwenda, nikaisukuma. Ilikuwa saa nne usiku na nilikuwa nataka nimalize kabla ya zamu. Nikasikia harufu ya kuungua, kama ubani ulioanguka kwenye kaa. Nikasema bado kidogo.

Ta!

Ufa mwembamba kama unywele, kutoka mdomoni mpaka kitako. Miaka thelathini ya yule mzee kuusubiri, na kabla ya hapo miaka mingapi mti kukua, na mimi nimeuua kwa haraka ya dakika tano. Nikazima taa kama nilivyoambiwa, nikaenda kazini nikiwa na kile kikopo mfukoni.

Nilikaa nacho wiki mbili nikimkwepa. Jumanne ya tatu nikakiweka mkononi mwake, sikusema neno. Alikizungusha. Akakinusa! Akasema, "Joto." Akanipeleka gerejini kwake, akavuta droo ya chini kabisa, ambayo nilikuwa nikidhani ina misumari. Vipande vya mpingo, vitano au sita, vyote vina ufa. Kila kimoja kimeandikwa mwaka kwa chaki. Cha mwanzo 1994. Akachukua chaki, akaandika 2021 kwenye changu, akakilaza pamoja na vyake, akafunga droo.

"Toboa kidogo, toa, subiri upoe. Toboa kidogo tena. Mimi nilichukua vipande vyote hivi kujifunza. Wewe umetumia kimoja."

Kwa hiyo ule uoga alioniambia ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuungua.

Mwaka jana sahani ilirudi tupu.

Nilikuwa nimepeleka wali wa nazi na samaki wa kupaka. Ikarudi imeoshwa, imekaushwa, na haina kitu. Mwingine asingeona ajabu, ni sahani tu. Mimi nilisimama nayo pale ukumbini kama niliyepigiwa simu ya usiku. Nikaanza kukumbuka. Kwa miezi kadhaa alikuwa hafundishi kwa mkono, anaeleza kwa mdomo. Alikuwa ananipa patasi zake nimnolee, ati nipate mazoezi. Chai yake alikuwa anajaza nusu kikombe. Mikono ile ya mfukoni, niliyoiita heshima, sasa ilikuwa haitoki mfukoni kabisa.

Kazi yangu ni kuona mambo hayo, na kwake sikuyaona. Wala wenzake ishirini hawakuambiwa. Hilo ndilo lawama yangu kwao, na nimewaambia: watu hawa watakupa mashine, watakupa gereji, watakukerezea mayai thelathini na manne, lakini mmoja wao akiugua atakaa nao ugonjwa wake kama mpingo kwenye droo. Kutoa wanajua. Kupokea, sifuri. Nami nawasema wakati nilihitaji miaka miwili kukubali ufunguo.

Nilimfuata kwake. Nikamwona anavyokula, kijiko kinafika mdomoni kimeshamwaga nusu. Kwenye makao tuna vijiko vya watu wanaotetemeka: mpini mnene, na mzito, kwa sababu uzito unaweza kuutuliza mkono. Vya plastiki, vibaya, vya kijivu. Nilimwambia nitamletea. Akasema hapana asante, yuko sawa. Nikamwambia basi sileti, nitatengeneza. Akasema hapana asante.

Nikautoa ule mpingo uliobaki.

Nilitoboa milimita tano, nikatoa keekee, nikaenda kuchemsha maji. Nikarudi, nikatoboa milimita tano nyingine, nikatoka nje nikaangalia mvua. Kazi ya robo saa niliifanya jioni mbili. Mpini ukatoka mnene kama kitunguu upande wa nyuma, unapungua kidogo pale kidole kinapokaa, na ule mstari wa njano nikauacha ubavuni. Nikaingiza shina la kijiko, nikalitia gundi, nikapiga msasa, nikapaka mafuta. Nikampelekea juu ya sahani, katikati, peke yake.

Alikitazama kwa muda. Akakipima uzito. Mkono ulitetemeka ukiwa umekishika, kisha ukatetemeka kidogo zaidi, kisha ukapunguza. Hakusema lolote kuhusu hilo, na mimi nikajifanya naangalia dirisha. Akavaa miwani. Akakisogeza kwenye taa ya meza, akakizungusha taratibu, mpaka akafika pale mpini unapokutana na chuma, akakwaruza kwa ukucha.

"Hapa umeruka," akasema. "Kuna mikwaruzo. Ulianza na msasa namba ngapi?"

"Mia mbili na arobaini."

Akakirudisha kwenye sahani, akaisukuma kwangu.

"Rudi mia moja na ishirini."